Rimoti zinazojichaji kwa mwanga: yanayomhusu mfanyabiashara na msafirishaji

Rimoti inayojichaji kwa mwanga, au rimoti ya sola kwa lugha ya dukani, ni kifaa cha kuongozea runinga, king'amuzi au kiyoyozi chenye paneli ndogo mgongoni inayobadili mwanga kuwa umeme. Umeme huo huhifadhiwa ndani ya rimoti yenyewe, hivyo mtumiaji halazimiki kununua betri za kutupa (zile ambazo Kenya wengi huziita mawe) kila baada ya muda. Hiyo ndiyo sifa inayotangazwa, na ni ya kweli.

Kwa anayeagiza, anayevusha au anayebeba bidhaa hii, hata hivyo, kuna jambo ambalo tangazo halilisemi. Betri haijaondoka. Zamani ilikaa chini ya kifuniko cha nyuma, ikauzwa pekee na kusafirishwa pekee. Sasa imefungiwa ndani, ni ya kuchajiwa, na katika rimoti nyingi ni ya lithiamu. Badiliko hilo linagusa namba ya forodha, alama za kwenye katoni, hati za meli na ndege, na hatima ya kifaa kikifa. Wafanyabiashara wanaodhani wanaagiza "rimoti tu" ndio wanaokwama.

Zilianzia wapi

Wazo si geni. Kalkuleta za kutumia mwanga zilianza kuuzwa miaka ya 1970, na kufikia miaka ya 1980 zilikuwa kwenye kila duka la vifaa vya shule. Rimoti zilichelewa kwa sababu hutumia umeme mwingi kwa mkupuo: kila kitufe kinapobonyezwa, taa ya infraredi iliyo mbele huwaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde ili runinga isome amri.

Mwaka 2010 kampuni ya Philips ilitoa runinga iitwayo Econova ikiwa na rimoti ya sola, lakini haikuenea. Aliyelifanya jambo hili kuwa la kawaida ni Samsung, ambayo Januari 2021 ilitangaza rimoti yenye paneli mgongoni na tundu la USB-C kwa ajili ya dharura, na kuiweka kwenye runinga zake za daraja la juu za mwaka huo. Mwaka 2022 ilitoa toleo jingine ambalo, mbali na mwanga, lilivuna pia nguvu kidogo kutoka kwenye mawimbi ya Wi-Fi yaliyomo nyumbani. Kampuni hiyo ilikadiria kuwa hatua hiyo ingezuia betri milioni 99 zisitupwe katika kipindi cha miaka 7. Hayo ni makadirio ya muuzaji mwenyewe, yapokelewe hivyo. Hata hivyo yanaonyesha ukubwa wa soko la betri ambalo halionekani kwa sababu limetawanyika betri mbilimbili.

Ubaya na uzuri wa betri za kutupa

Betri zinazouzwa kwa wingi katika magenge na maduka yetu ni za aina mbili. Za bei ya chini ni za zinki na kaboni: kopo la zinki, kijiti cha kaboni katikati na unga mweusi wa manganizi. Za bei ya juu ni za alkalini. Zote mbili zinavuja zikisahauliwa ndani ya kifaa. Ule ukungu mweupe au wa kijani kwenye springi za rimoti, ambao fundi huukwangua kwa kisu, ni matokeo ya kuvuja huko, na rimoti nyingi zinazoletwa kwa fundi zimeuawa na huo kuliko na kuanguka.

Inafaa kusema kweli kuhusu sumu. Betri za kisasa za AA na AAA za viwanda vinavyofuata taratibu haziwekwi zebaki kama zamani, na Mkataba wa Minamata umezibana zaidi zile zilizobaki. Anayemwambia mteja kwamba betri moja ya rimoti itaua kisima anatia chumvi. Tatizo ni wingi wake, na kwamba hakuna anayezikusanya. Zinaishia shimo la taka, chooni, au kwenye moto wa jioni pamoja na mifuko ya plastiki.

Kwa upande wa biashara, Eveready East Africa ilifunga kiwanda chake cha betri cha Nakuru mwaka 2014 na kuendelea kama muuzaji wa bidhaa zinazoingizwa kutoka nje. Sehemu kubwa ya betri ndogo za rimoti zinazouzwa mijini leo zimevuka bahari, nyingi zikitoka China. Fikiria nyumba yenye runinga, king'amuzi na redio ya spika. Hizo ni rimoti tatu, betri sita. Tuseme zinabadilishwa mara mbili kwa mwaka: betri 12 kwa nyumba moja. Mwenye duka la rejareja anazipenda betri kwa sababu hiyohiyo, maana ni bidhaa ndogo inayomrudisha mteja. Rimoti ya sola inamwondolea mapato hayo, na asipopewa sababu nyingine ya kuiuza hataiweka mbele.

Mwanga wa ndani si jua

Malalamiko mengi ya wateja yanatokana na jina lenyewe. Wakisikia sola, wanadhani kifaa kitachaji popote. Mchana wa jua kali nje, mwanga hufikia luksi 100,000. Sebuleni usiku, taa ya kawaida hutoa luksi 100 hadi 300. Tofauti ni ya mamia ya mara. Ndiyo maana paneli za rimoti hutengenezwa kwa aina za silikoni au rangi maalumu zinazovumilia mwanga hafifu kuliko paneli za juu ya bati, na bado kiasi kinachopatikana ni kidogo sana, cha kutosha tu kurudisha kile ambacho vidole vimetumia siku hiyo.

Muuzaji anaweza kupunguza rimoti zinazorudishwa kwa kumwambia mteja mambo mawili tu. La kwanza, paneli iko mgongoni, hivyo rimoti ilazwe kifudifudi, vitufe vikiangalia chini. Watu wengi huiweka vitufe juu, paneli ikatazama meza, kisha wanasema ni mbovu. La pili, isiachwe juani kwenye dashibodi ya gari wala dirishani kwenye jua la saa sita. Betri nyingi za lithiamu hazipaswi kuchajiwa joto linapozidi nyuzi 45 hivi, na ndani ya kebini iliyofungwa joto hupita hapo kwa haraka. Madereva wa masafa wanaoweka runinga ndogo kwenye kebini walizingatie hili.

Ziko pia za bandia. Kama ilivyotokea kwenye kalkuleta za bei ya chini, ambazo nyingine zina kioo cheusi cha urembo kisichounganishwa na chochote, mnunuzi wa jumla asikubali kwa macho. Fungua moja kwenye sampuli. Kama nyaya mbili hazitoki kwenye paneli kwenda kwenye saketi, unanunua pambo. Fundi mwenye mita ya kawaida atakuthibitishia kwa dakika moja: aipime paneli ikiwa imefunikwa kwa kiganja, kisha ikiwa chini ya taa. Namba ikibaki palepale, rudisha.

Uliza kilichomo ndani

Hili ndilo swali la kwanza kumuuliza muuzaji wa Guangzhou au Dubai, kabla hata ya bei. Majibu yanaweza kuwa matatu.

Jibu la kwanza ni betri ya lithiamu. Ni nyepesi na inatunza umeme muda mrefu, lakini kwenye usafirishaji ni bidhaa hatarishi ya daraja la 9. La pili ni betri za nikeli na haidridi za saizi ya AAA, zile za volti 1.2 zinazochajika. Rimoti ya aina hiyo hufunguka, na betri zikichoka mteja hununua nyingine. La tatu ni kapasita kubwa, kifaa kinachohifadhi umeme bila kuwa betri. Hujaa upesi, huishiwa upesi pia, lakini huvumilia kuchajiwa mara nyingi mno.

Kwa soko letu tunaona ya pili ina faida ambayo wauzaji hawaitaji. Inarekebishika. Rimoti ya lithiamu iliyogandishwa kwa gundi ikifa baada ya miaka michache, paneli, plastiki na saketi vyote vinakwenda jalalani, na hesabu ya mazingira inageuka. Umoja wa Ulaya umeliona hilo. Kanuni yake ya betri ya mwaka 2023 imepanga kwamba kuanzia Februari 2027 betri ndogo zilizomo kwenye vifaa ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Viwanda vinavyouza Ulaya vinalazimika kubadili maumbo ya bidhaa zao, na si ajabu mitindo ya zamani iliyogandishwa ikatafutiwa wanunuzi huku kwetu kwa bei ya kutupa.

Namba za forodha

Hapa ndipo ankara nyingi huandikwa ovyo. Betri za kutupa ziko fungu la 8506. Betri za kuchajiwa ziko 8507, na ndani yake za nikeli na haidridi ni 8507.50, za lithiamu ni 8507.60. Rimoti yenyewe haiko kwenye mafungu hayo, hata ikiwa na betri ndani.

Rimoti ya infraredi inayouzwa peke yake kwa kawaida huingia 8543.70. Inayotumia mawimbi ya redio ni 8526.92. Rimoti nyingi mpya za runinga hutumia Bluetooth, ambayo ni redio, na baadhi zina vyote viwili. Za namna hiyo wakala wa forodha apewe karatasi ya maelezo ya kiufundi kabla ya kuandika tamko. Ikija ndani ya boksi la runinga yake, huhesabiwa pamoja na runinga chini ya 8528 na haitozwi pekee.

Bluetooth ina mlango mwingine. Vifaa vya redio vinahitaji idhini ya aina ya kifaa kutoka kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi husika: TCRA Tanzania, CA Kenya, UCC Uganda, RURA Rwanda. Kwa mtindo mmoja idhini huombwa mara moja, lakini mzigo ukifika bila hiyo, gharama za kuhifadhi bandarini hulipwa na mwenye mzigo. Ukaguzi wa ubora kabla ya kusafirisha, unaodaiwa na mashirika ya viwango kama TBS na KEBS, nao ufanyike kule bidhaa inakotoka.

Je, neno sola linaleta msamaha wa ushuru? Swali hili huulizwa sana. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tano, inasamehe vifaa maalumu vya kuzalisha umeme wa jua na upepo pamoja na vipuri vyake. Rimoti haizalishi umeme kwa matumizi ya mtu, inajilisha yenyewe tu. Anayeandika "vifaa vya sola" kwenye tamko akitegemea msamaha huo anajitafutia faini, na kontena lake lote litafunguliwa.

Wafanyabiashara wadogo wa Namanga, Sirari, Mutukula au Busia nao wasichanganye mambo. Utaratibu rahisi wa cheti cha uasili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Kulipiwa ushuru Dar es Salaam hakuifanyi rimoti ya Guangzhou kuwa ya Afrika Mashariki. Kwa mzigo mkubwa unaokwenda Kampala au Kigali, chini ya Himaya Moja ya Forodha iliyoanza mwaka 2014, kodi hulipwa kwa nchi mzigo unakokwenda wakati ukiwa bado bandarini, hivyo namba ikikosewa Mombasa inakufuata hadi ghalani. Viwango vyenyewe hutangazwa upya katika gazeti la Jumuiya kila mwaka wa fedha unapoanza Julai. Usitegemee kiwango cha mzigo wa mwaka jana.

Katoni, meli na ndege

Betri za kutupa, za kaboni au alkalini, husafirishwa bila masharti makubwa mradi zimefungwa zisigusane na kupiga shoti. Wasafirishaji wetu wamezoea hivyo, na mazoea hayo ndiyo hatari. Siku muuzaji anapobadili betri za kutupa kwa rimoti zenye lithiamu, mzigo unafanana kwa nje, lakini kanuni ni nyingine kabisa.

Lithiamu ya kuchajiwa ikisafirishwa peke yake ni UN 3480. Ikiwa ndani ya kifaa, au pamoja na kifaa, ni UN 3481. Rimoti ziko kwenye hii ya pili. Habari njema ni kwamba betri zake ni ndogo. Kupata nguvu yake kwa wati-saa, zidisha volti kwa uwezo wa miliampea-saa kisha gawanya kwa 1,000. Betri ya volti 3.7 na miliampea-saa 500 ni wati-saa 1.85. Mpaka wa kupata masharti nafuu ni wati-saa 20 kwa seli moja, kwa hiyo rimoti iko chini kabisa.

Nafuu si kusamehewa. Kila aina ya betri lazima iwe imefaulu majaribio yanayojulikana kama UN 38.3, na kiwanda kiwe tayari kutoa muhtasari wa matokeo. Kisichoweza kuutoa, achana nacho. Katoni nayo iwe na alama ya betri za lithiamu: mpaka wa mistari myekundu ya mshazari, mchoro wa betri na namba ya UN. Huruhusiwa kuiacha alama hiyo pale tu ambapo kifurushi kina seli zisizozidi 4 au betri zisizozidi 2 zilizomo ndani ya vifaa, na mzigo wote hauzidi vifurushi viwili. Katoni ya rimoti 100 haimo kwenye msamaha huo.

Tatizo kubwa liko kwenye kontena la kuchangia. Mawakala wanaokusanya mizigo ya watu 30 au 40 huandika "vifaa vya umeme" kwa pamoja, na mwenye rimoti hajui kama lithiamu yake imetajwa. Kampuni za meli zinatoza faini mizigo hatarishi isiyotajwa, na kontena likizuiwa, viatu na vyombo vya wenzako navyo vinasubiri. Andika mwenyewe kwenye orodha ya mzigo: aina ya betri, wati-saa, idadi, na UN 3481. Baki na nakala.

Kwa ndege, vipuri vina masharti makali zaidi. Betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa, mfano zile ambazo fundi anaziagiza kubadilishia, haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016, na kwenye ndege za mizigo hazipaswi kuwa na chaji inayozidi asilimia 30. Anayezifunga kwenye mizigo ya nguo ili zipite anahatarisha watu, na pia anapoteza haki ya kudai fidia mzigo ukipotea.

Za nikeli na haidridi zikiwa ndani ya kifaa hazina masharti haya baharini, na kapasita ndogo zisizozidi wati-saa 0.3 hazihesabiwi kuwa hatarishi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuuliza kilichomo ndani kabla ya kulipa.

Zitauzwa kwa nani

Rimoti ya Bluetooth haizungumzi na runinga yoyote tu. Huoanishwa na mtindo maalumu, na hata ndani ya kampuni moja kuna runinga za zamani zisizoitambua. Anayenunua katoni kumi za aina moja kwa ajili ya Kariakoo, Luthuli Avenue au Kikuubo anaweka mtaji wake kwenye dau la runinga gani zimo majumbani. Rimoti za infraredi za kutumika kwa runinga nyingi zinauzika kwa urahisi zaidi.

Kwa nyumba nyingi ambazo tayari zina rimoti nzima, njia ya katikati ndiyo yenye akili: betri nne za AAA za kuchajika na chaja moja. Volti zake 1.2 zinatosha kwa rimoti nyingi, huchajiwa mara mamia, na zinaingia kwenye rimoti yoyote iliyopo. Mteja anatumia kidogo, taka zinapungua, na muuzaji hahitaji kujua mtindo wa runinga ya mtu. Mwenye paneli ya sola ya nyumbani akipata chaja ya USB anakuwa anatumia jua lilelile, ila kwa paneli kubwa iliyo juu ya bati inapostahili kuwa.

Zikifa

Rimoti za lithiamu zilizokufa zisichomwe wala kutobolewa. Anayezikusanya kutoka kwa mafundi afunike vituo vya betri kwa gundi ya utepe, azitenge na zilizovimba, na azikabidhi kwa mkusanyaji mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira: NEMC kwa Tanzania, NEMA kwa Kenya na Uganda, REMA kwa Rwanda.

Kuzivusha mpaka kama chakavu ni suala jingine. Tangu Januari 1, 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za umeme na elektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, zinahitaji ridhaa ya maandishi ya nchi inayopokea kabla hazijaondoka. Dereva anayeombwa kubeba magunia ya "vipuri vilivyotumika" kutoka upande mmoja kwenda mwingine aombe kwanza kuiona ridhaa hiyo, kwa sababu lori ndilo litakalobaki mpakani.